Uwanja Tulioutoa kwa Kicheko

Nilipofika Ipagala kwenye msiba wa Mzee Iddi nilizunguka na gari mtaa mzima nikitafuta pa kuliweka. Ningecheka kama usingekuwa msiba. Mimi ndiye ambaye watu wa jiji hili hunijia ofisini kulalamika kwamba jirani kaegesha lori mbele ya geti lao, kwamba baa imefunguliwa pasipo na pa kuweka magari, kwamba watoto hawana pa kuchezea, nami huwasikiliza kwa uso wa mtu anayejua la kufanya. Siku hiyo nilikuwa mwananchi mwenye kero kama wao. Mwishowe nikapata nafasi kwenye maegesho ya ukumbi, kati ya gari dogo lenye maua ya harusi yaliyosahaulika kwenye vioo vya pembeni na pikapu iliyoleta masufuria ya msibani. Nikazima injini, lakini sikushuka. Kwa mbali nilisikia wanaume wakisoma dua na wanawake wakiitana jikoni, na jua lilikuwa limelala juu ya maboneti yote hata huwezi kuyatazama. Nikafumba macho. Uwanja uliokuwa hapo kabla ya maegesho ukarudi ulivyokuwa, mweupe na mpana na mtupu, na katikati yake mzee mmoja mwenye fimbo akitembea polepole, akiifuata sauti inayomtukana. Nilikaa vile muda mrefu, mikono kwenye usukani.

Mwaka ule nilikuwa binti wa miaka ishirini, nimetoka Haneti kuja kusoma mambo ya mipango miji, na nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Nyemo. Ndio mwaka ambao kule Chimwaga majengo ya chuo kikuu yalikuwa yanaota kila kilima, na kila mtu Dodoma mwenye chumba cha ziada alikuwa amekipiga chokaa akisubiri mwanafunzi. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo mbili, na dirisha la nondo lililotazama uwanja. Dari hakikuwa nayo. Kuta ziliishia chini kidogo ya bati, na kupitia uwazi ule maneno ya nyumba nzima yalipita kama moshi wa jikoni. Nilijua Mama Nyemo amekosana na nani kanisani, nilijua mumewe amekataa kunywa dawa, nilijua chumvi imekwisha kabla hata hawajanituma. Mwanzoni nilijifunika shuka kichwani kwa haya. Baada ya muda nikazoea, na hadi leo nikilala kwenye chumba chenye dari ya jasi huhisi watu wote wamehama.

Mumewe aliitwa Mzee Ndahani. Macho yake yalimalizwa na ugonjwa wa vikope akiwa bado mtu wa makamo, kama ilivyowatokea wengi wa rika lake huku kwetu kwenye vumbi na upepo. Asubuhi Mama Nyemo alimwekea uji wa uwele na karanga za kusaga, na mimi kama sina kipindi nilikaa nao kwenye mkeka, tukinywa bila maneno mengi, mlango wazi, baridi ya Julai ikitupiga miguuni. Mzee alikuwa na tabia ya kushika bakuli kwa mikono yote miwili na kuliinamia, mvuke umpande usoni, hata ungedhani anasikiliza kitu ndani yake. Akimaliza alisema, "Haya, ngoja nikamsalimie yule mpagazi." Akachukua fimbo, akavuka kizingiti, akatoka peke yake. Hakuna aliyemshika mkono. Ilikuwa ndiyo sehemu ya siku ambayo hakuwa mgonjwa wa mtu.

Uwanja ule ulikuwa mpana, umezungukwa na nyumba pande zote, udongo wake umekanyagwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Wenyewe waliuita uwanja tu. Jioni watoto walichezea mpira, wanawake walianikia mlenda na ubuyu juu ya magunia, harusi zilichezwa pale, na mtu akifa turubai lilifungwa pale. Upande wa pili, mkabala na mlango wetu, ndiko lilikokuwa duka la Mzee Iddi na baraza yake ya kahawa. Mzee Ndahani hakuhitaji kuona. Hapakuwa na jiwe wala kigingi cha kumkwaza. Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo nililigundua baada ya kumtazama kupitia dirishani asubuhi nyingi. Mara tu alipovuka kizingiti, Mzee Iddi alianza kumtukana kutoka barazani.

"Mgogo huyooo! Anakuja kuomba! Fungeni milango!"

"Mbukwa, mpagazi!" Mzee Ndahani alijibu kwa salamu ya Kigogo, uso umeinuka kuelekea kwenye sauti. "Umeshautua mzigo wa bwana wako, au bado uko nao kichwani?"

"Mzigo nimeutua tangu zamani, wewe bakuli bado unalo!"

Na vivyo hivyo, tusi kwa tusi, hatua kwa hatua, hadi anafika barazani na kukalishwa. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, anayeishi Dodoma hahitaji kuambiwa. Mababu wa Mzee Iddi walikuja na misafara kutoka Tabora, mizigo ya watu vichwani, wengine wakaishia hapa, wakafungua maduka, wakajenga misikiti. Mababu wa Mzee Ndahani ndio waliokuwa na visima, na msafara haukupita pasipo kuwapa chochote. Hao wawili walikuwa bado wanagombania yale maji. Mimi nilidhani ni wazee wawili wanapoteza muda. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba Mzee Iddi hakunyamaza hata siku moja mwenzake akiwa katikati ya uwanja. Akiwa na mteja, alimwacha mteja. Alikuwa anamvuta kwa matusi hadi afike, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulitaja.

Siku za Jumamosi nilitumwa sukari, nami nilijichelewesha pale barazani kwa makusudi. Ndani kulikuwa na giza zuri lenye harufu ya mafuta ya taa, mchele na tangawizi. Nyuma, kwenye ua mdogo, mama yake Mzee Iddi, Bibi Tausi, alipika kashata za karanga na kuzikata kwa kisu kirefu. Alikuwa bibi mfupi mwenye kanga mbili siku zote, na nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba kwa sauti ndefu ya kubembeleza, kana kwamba amenisubiri mimi tu. Kashata ya Mzee Ndahani aliikata kubwa kuliko za wengine, na akaileta mwenyewe. "Mtani wa mwanangu ni mwanangu," alisema, "ila huyu ana njaa zaidi." Wazee wakacheka, kahawa ikamiminwa, mtu akaanza kusimulia habari ya kiwanja kilichouzwa mara mbili kule Chimwaga. Ningeweza kukaa pale hadi giza liingie.

Lakini mtaa ulikuwa unabadilika, na wengi tulifurahi unabadilika, nisijifanye sasa kwamba tulilia. Wageni walileta biashara. Mama aliyekuwa akiuza vitumbua kwenye sinia akapata kibanda. Bomba la maji lililokuwa likitoka mara chache kwa wiki likaanza kutoka vizuri zaidi, kwa kuwa sasa kulikuwa na watu wa kulalamika kwa sauti. Magari nayo yakaja. Wageni wa harusi waliegesha popote, mbele ya milango, juu ya magunia ya ubuyu ikibidi, na Mama Nyemo aliwahi kumfukuza dereva mmoja kwa mwiko wenye ugali. Katika pilikapilika hizo Mzee Iddi akaanza kujenga ukumbi wa sherehe nyuma ya duka. Kuta zikapanda, bati likaja, na sote tukajivunia, maana ukumbi wa karibu ulikuwa mjini. Hakuna aliyejiuliza magari ya ukumbi huo yatakaa wapi.

Jambo lenyewe liliamuliwa kwenye mkutano wa mtaa, jioni, uwanjani, kwenye mabenchi ya kuazima kanisani. Nilikuwepo. Tulikuwa tumejadili taka, tukajadili mbwa wanaozurura, na watu walikuwa wamechoka wanataka kwenda kupika. Mzee Iddi akasimama. Kabla hajafungua mdomo watu walishaanza kutabasamu, kwa sababu akisimama Mzee Iddi mbele ya Wagogo kulikuwa na jambo moja tu la kutarajia.

"Ninyi Wagogo," alisema, "uwanja huu mmeukalia bure tangu babu zenu. Hamuulimi, hamuujengi, mnaanikia mlenda tu. Basi mimi nauchukua. Namwaga kokoto, magari ya wageni wangu yanalala hapa, na ninyi mtapita madirishani mkiomba chenji."

Watu walicheka hadi benchi moja likapinduka. Mzee Ndahani akasimama na fimbo yake, akageukia upande wa sauti.

"Chukua, mpagazi! Babu yako alipita hapa akaogopa hata kuutua mzigo wake. Leo wewe unataka kuutua? Utue! Chukua uwanja, na mke wangu mchukue umlishe, nimechoka na kelele zake!"

"Anichukue!" Mama Nyemo akapaza sauti kutoka kwa wanawake. "Kwake kuna sukari!"

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye naye alikuwa akifuta machozi ya kicheko, akauliza, "Haya, wanaokubali?" Mikono ikanyooshwa. Wengine walinyoosha yote miwili. Mzee Ndahani alinyoosha fimbo. Na mimi, mwanafunzi wa mipango, nilinyoosha mkono wangu huku mbavu zikiniuma, kwa kuwa ungekaaje kimya pale?

Nimehudhuria mikutano mingi tangu hapo, yenye ajenda na maji ya chupa, na sijaona tena watu wakitoa kitu chao kwa furaha kiasi kile. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na kazi yangu, nilimwuliza Mzee Iddi kama siku ile alitudanganya. Alifikiri sana, akakuna kidevu. "Ningesemaje, mwanangu?" alisema. "Jambo kama lile siwezi kumwambia Ndahani kwa uso mkavu. Sijawahi kumwambia kitu kwa uso mkavu maisha yangu yote." Nilimwamini. Bado namwamini.

Tulijua ni kweli siku walipokuja watu wawili wenye kamba na vigingi. Mama Nyemo alikuwa anaanika mlenda. Aliwatazama wakipima kuanzia dukani hadi karibu na kizingiti chetu, akaweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akavuka uwanja. Nikamfuata. Mzee Iddi alikuwa ndani anapanga sabuni.

"Shemeji, kumbe ulikuwa unasema kweli?"

"Nilisema mbele yenu wote, shemeji." Hakugeuka. "Mlicheka."

"Tulicheka kwa sababu ni wewe!"

"Ukumbi bila maegesho haufunguliwi," alisema, akiendelea na sabuni zake. "Manispaa wamenikatalia. Wakaniuliza, wenye mtaa wanasemaje? Nikawaambia wamekubali. Mmenyoosha mikono, shemeji. Au hamkunyoosha?"

Mama Nyemo akamsogelea. Kisha akasema lile lililokuwa linamuuma. "Na mwenzio atakujaje hapa?" Mzee Iddi akaacha kupanga. Alitazama mlangoni, kwenye ule mwanga mkali wa uwanjani, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alipouona kwa jicho lile. "Atakuja tu," alisema taratibu. "Ndahani hakosi kuja."

Nilifanya nilichoweza, ambacho kilikuwa kidogo. Chuoni nilitafuta ramani ya eneo letu, nikaukuta uwanja umechorwa wazi, hauna namba ya kiwanja, nikapata matumaini makubwa ya kitoto. Nikaenda kwenye ofisi inayohusika. Mhusika alikuwa kijana mpole, alinisikiliza hadi mwisho, akanieleza kwamba eneo la wazi linabaki eneo la wazi, hakuna anayejenga, ni kuegesha tu, na kwamba wakazi wenyewe waliridhia. "Ulikuwepo kwenye mkutano?" akaniuliza. Nikamwambia nilikuwepo. "Ulipinga?" Ningemwelezaje mtu mwenye tai kwamba tulikuwa tunataniana? Nilirudi kwa miguu hadi Ipagala, zabibu za msimu zikiwa zimepangwa kwenye beseni kando ya barabara, na sikununua hata kichala kimoja.

Ajabu ni kwamba Mzee Ndahani mwenyewe ndiye aliyetukataza tusilifanye kesi. Jioni ile tulikula ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, taa ya chemli katikati, na Mama Nyemo akamwambia aende akazungumze na rafiki yake. Aseme tu, Iddi, mimi sioni, niachie njia. Mzee akaendelea kumega ugali. Alisema huwezi kumshtaki mtani. Ukimlilia mtani hata mara moja, umeuvunja utani, na kuanzia hapo kila atakachokutania atakuwa anakuhurumia. "Nimehurumiwa na watu wote wa mtaa huu," alisema. "Yule peke yake ndiye anayenitukana." Mama Nyemo akainuka kwenda kuchukua maji ambayo hatukuyahitaji. Mimi nilikuwa nimeelewa nusu tu ya aliyoyasema, lakini nilimpenda mzee yule wakati ule.

Asubuhi zikaendelea. Vigingi vilisimama pembezoni, yeye akapita katikati, matusi yakampokea. Lakini kila aliyesikia alijua kwamba Mzee Iddi sasa anatukana kwa shida. Alirudia matusi ya jana. Wakati mwingine alikaa kimya sekunde mbili tatu, na Mzee Ndahani akasimama katikati ya ule weupe, akasubiri.

Kisha Bibi Tausi akafariki. Alilala baada ya swala ya alfajiri na hakuamka, na kabla ya saa nne turubai lilikuwa limeshafungwa uwanjani, kati ya vigingi vilevile, maana uani kwa Mzee Iddi palijaa mbao za ukumbi. Mtaa mzima ulikuwa pale, Waislamu na Wakristo, na wageni wa Chimwaga waliokuja kwa kuona watu. Sisi wanawake tulipika pilau kwenye mafiga nyuma ya duka. Moshi ulitutoa machozi, na hiyo ilisaidia. Nilikuwa namenya vitunguu saumu karibu na Mama Nyemo nilipomsikia mwanamke mmoja akinong'ona, "Leo ndiyo siku." Mwingine akamjibu, "Kama ana akili atauomba." Sikuelewa. Mama Nyemo alielewa. Mikono yake ilisimama juu ya sinia.

Wasiojua niwaeleze. Msibani, mtani ana haki ambazo hakuna mwingine anazo. Anaweza kuigiza marehemu alivyotembea, watu wakacheka na machozi yakiwatoka. Anaweza kulala njiani jeneza lisipite, na mfiwa hana budi kumpa anachodai, na hawezi kumkasirikia. Wengi hudai kuku, au shilingi mbili tatu za kununua tumbaku. Lakini akidai kikubwa, mfiwa atakatalia wapi, mama yake akiwa mabegani mwa watu? Mtaa mzima ulikuwa umeshalipigia hesabu hilo tangu asubuhi, isipokuwa mimi.

Wanaume walipoinua jeneza kulipeleka msikitini, Mzee Ndahani akajitenga na umati, akapapasa kwa fimbo hadi mbele yao, akajilaza chali juu ya ule udongo mgumu, kofia kifuani. Watu wakacheka kwa desturi, kisha kicheko kikakatika. Nikasikia turubai likipigwa na upepo. Mzee Iddi alikuwa mbele, bega moja chini ya jeneza. Akamwachia mtu nafasi yake, akaenda, akachuchumaa karibu na kichwa cha rafiki yake. Macho yalikuwa mekundu na kanzu imechafuka vumbi.

"Sema, mtani," alisema. Hapakuwa na utani hata chembe katika sauti ile. "Sema unachotaka. Nakupa. Chochote."

Mama Nyemo akashika mkono wangu, akaubana hadi ukauma. Mzee Ndahani alibaki chali, uso ukitazama mbingu asiyoiona. Kisha akasema kwa sauti ya juu, wote wasikie:

"Huyu mama alikuwa akinikatia kashata kubwa. Wewe ni mchoyo, tangu utoto wako ni mchoyo. Nataka kashata. Kubwa kama zile zake. Siondoki hapa bila kashata."

Mtu alikimbia ndani. Zilikuwepo, alizozikata jioni iliyopita, zimefunikwa kwa kawa. Mzee Iddi akaiweka mkononi mwake, na Mzee Ndahani akaipima kwa vidole, akasema, "Hii ndiyo yenyewe," akainuka, akajikung'uta, akapisha njia. Jeneza likapita. Ndipo watu walipolia kweli, na Mzee Iddi akalia kwa sauti kama mtoto, akitembea.

Jioni, tulipokwisha kuosha masufuria ya watu na kurudi, nilijilaza kitandani nikiwa nanuka moshi. Nikasikia kwikwi za Mama Nyemo kupitia juu ya ukuta, na mwiko ukigonga sufuria kwa hasira.

"Ulikuwa naye mkononi," alisema. "Mbele ya watu wote. Neno moja tu, baba Nyemo. Neno moja! Angekupa."

"Angenipa," mzee akasema.

"Sasa?"

"Ndiyo maana sikuomba."

Mwiko ukanyamaza. Nililala nikitazama bati, na nakiri nilimkasirikia. Nilikuwa na miaka ishirini na niliamini kwamba kitu kizuri kichukuliwe kwa mlango wowote ulio wazi. Leo, kila mara mtu anaponijia ofisini amembana jirani yake kwenye kona na anataka nimsaidie kumbana zaidi, namkumbuka mzee yule, na sijui nimshauri nini mtu huyo. Namsaidia tu, ndiyo kazi yangu.

Mzee Iddi alingoja hadi arobaini ya mama yake ikapita. Nadhani alikuwa anangoja pia aambiwe kitu, na hakuambiwa. Ukumbi ulishakamilika, harusi ya kwanza ilishapangwa. Greda likaja likakwangua uwanja, malori yakamwaga kokoto, na kwa siku chache nyumba zote zilikuwa na vumbi jeupe hadi ndani ya chumvi. Usiku wa harusi nilisinzia na muziki. Asubuhi nilifungua dirisha, na nje palikuwa na magari tu, yale ambayo wenyewe walikuwa wameshindwa kuyaendesha kurudi nyumbani, yamelala ovyo, umande kwenye vioo.

Mzee Ndahani alikunywa uji wake. Mama Nyemo akamwambia, "Nikupeleke." Akajibu hana ugonjwa wa miguu. Akavuka kizingiti na mimi nikatoka nyuma yake kimyakimya, kandambili mkononi asinisikie. Hatua zake zilibadilika alipoingia kwenye kokoto; alikuwa anakanyaga kama mtu anayevuka maji. Fimbo ikagonga gari la kwanza. Akalipapasa ubavuni, akalizunguka, akatokea upande wa pili akiwa ameelekea kwingine. Kutoka barazani Mzee Iddi akaita, "Mgogo huyooo!" na mzee akageukia sauti, uso ukang'aa, akaenda nayo moja kwa moja hadi akagonga boneti kwa tumbo na kofia ikaanguka. Mzee Iddi hakuita tena. Mzee Ndahani akabaki amesimama katikati ya yale magari, ameinua kichwa, akisubiri atukanwe.

Niliokota kofia. Kabla sijamfikia, Mzee Iddi alikuwa ameshaweka birika chini na anakuja, akijipenyeza kati ya magari ya wageni wake, kanzu ikinasa kwenye vioo vya pembeni. Akamshika mwenzake mkono. "Huku," akasema. "Kushoto. Hapa kuna gari. Na hapa." Wakaenda hivyo, taratibu, na mimi nyuma na kofia, na hakuna aliyemtukana mwenzake njia nzima. Walipofika kwenye ngazi ya baraza Mzee Iddi akajaribu kucheka. "Kuanzia leo nitakupitia mlangoni kila asubuhi, mtani," alisema, "nikushike mkono kama mwali anayepelekwa kwa bwana."

Mzee Ndahani alipapasa ngazi kwa mguu, akaipata, lakini hakupanda.

"Iddi," alisema. "Mimi nilikuwa nakuja mwenyewe."